HUYO PICHANI SI MIMI

Msomaji wangu wa safu hii ya Kijiweni, najua wiki iliyopita hamkuniona, na wengine mkaanza kueneza kwamba nimeganda mlimani kama samaki wa friji. Sijaganda. Nipo, nadunda, ila nina soo moja nataka nilitue leo kabla halijanivunja mgongo.

Tazama picha hiyo hapo juu. Mtu kavaa koti jekundu, kofia ya kuficha uso mpaka pua, miwani meusi, kasimama mbele ya kibao cha Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kanyoosha dole gumba. Raha mustarehe. Koti lile masela wote wa kijiweni wanalijua, maana tulikwenda wote Karume kulinunua, tukabishana na muuza mitumba mpaka adhuhuri.

Koti ni langu, simu iliyopiga picha pia ni yangu. Lakini huyo pichani si mimi.

Sasa tulia nikupe kisa chote.

Mnakumbuka miezi mitatu iliyopita niliandika hapa kwamba ni aibu kijana wa Bongo kumaliza ujana wake bila kupanda Kilimanjaro, wakati watu wanatoka Ulaya na Marekani kuufuata. Niliandika kwa mbwembwe. Nikaahidi kuwaletea picha ya kileleni. Kijiweni nako wakanishika shati: nisipofika, nanunua soda kreti mbili na nabadilishwa jina. Jina lenyewe siliandiki hapa, gazeti hili linasomwa na watoto.

Mama yangu ni mtu wa Marangu, kwa hiyo nikampigia mjomba. Mjomba alikuwa mpagazi miaka mingi, alikuwa anabeba mizigo ya wageni. Nikamwambia nakuja kupanda. Akacheka, akaniambia, "Njoo, lakini utakwenda na dada yako, maana naye ananisumbua na mlima huo kila siku." Dada yangu huyo ni bintiye, binamu yangu, msichana mwembamba anayeuza chapati na chai stendi. Moyoni nikasema, haya, nimepata mzigo. Ndugu yangu, kumbe mzigo ni mimi.

Kwa faida ya wanaotaka kwenda: huwezi kupanda peke yako kama unakwenda sokoni. Lazima uwe na kiongozi mwenye leseni, na safari hupangwa na kampuni. Sisi Watanzania kiingilio tunalipa kwa shilingi na hakifanani na kile cha wageni, kwa hiyo usitishwe na bei za dola. Mimi nilijibana mwaka mzima. Tulichagua njia ya Marangu, ambayo ndiyo pekee yenye mabanda ya kulala. Njia nyingine zote unalala kwenye hema. Watu wanaiita njia ya Coca-Cola, eti kwa sababu ni laini. Aliyeipa jina hilo nikikutana naye tutazungumza.

Siku ya kwanza ni msitu. Unyevu, ukungu, mbega weusi na weupe wanakuangalia kama wanakudai. Mnapanda kutoka geti la Marangu mpaka Mandara, yapata mita 2,700. Mimi nilikwenda mbio. Nikawapita Wajerumani, nikawapita Wakorea, nikampita kiongozi wetu, mzee mmoja mtaratibu ambaye sisi tulikuwa tunamwita Mzee tu. Kila nikigeuka namwona binamu yuko nyuma, anatembea kama bibi harusi. Nikamtania, "Vipi, unahesabu mawe?" Hakujibu.

Mzee alipotufikia aliniambia neno moja tu: "Kijana, mlima haupandwi kwa mapafu ya mpira." Nami nachezea timu ya mtaa, namba saba. Nikaona kama ananipa sifa.

Siku ya pili tukatoka msituni, miti ikawa mifupi, mara ikawa vichaka, mpaka tukafika Horombo, mita 3,720. Hapo ndipo unapoiona Kibo imekaa mbele yako na kofia yake ya barafu, na Mawenzi pembeni imechongoka kama meno ya msumeno. Pale Horombo tulilala siku mbili. Si kwamba tulichoka, ndivyo mwili unavyotaka. Mzee alitueleza vizuri: huko juu hewa ni nyepesi, na ukifika kileleni kila pumzi unayovuta inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Dar. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Ndiyo maana wanasema pole pole. Mimi nilidhani ni wimbo wa kuwachangamsha watalii.

Akatueleza jingine ambalo ningelishika lingenisaidia: ugonjwa wa mwinuko haujali kama wewe ni mwanasoka au muuza chapati. Tena vijana wenye nguvu ndio wanaoanguka zaidi, kwa sababu wanakimbia halafu wanaficha. Unaanza kwa kichwa kuuma, hamu ya kula inakimbia, kichefuchefu, usingizi hauji. Ukipuuza, unaweza kujaa maji kwenye mapafu, au ubongo ukavimba, ukaanza kuyumba kama mlevi na kusema ovyo. Hapo dawa ni moja, kushuka. Usiposhuka unakufa, na watu wamekufa.

Jioni ya siku ya tatu kichwa changu kikaanza.

Kilianza kidogo, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Usiku kikawa kinagonga mlango wangu mwenyewe. Sasa kila jioni Mzee alikuwa anapita na daftari, anatubana kidole na kale kamashine kanakopima oksijeni, anauliza: umekula? umelala? kichwa vipi? Binamu yangu akasema, "Kinaniuma kidogo, Mzee, na chakula kimenishinda leo." Mzee akaandika, akamwambia anywe maji mengi na alale mapema. Zamu yangu ikafika.

"Na wewe, kichwa vipi?"

"Poa kabisa, Mzee. Kama nipo Kinondoni."

Uongo mtupu. Kwa nini? Sababu ni ya kipuuzi. Mwaka 2022 waliweka intaneti ya kasi pale Horombo, na mimi jioni ile nilikuwa nimefungua simu nikakuta ujumbe wa kijiweni thelathini na kitu. "Umefika?" "Ushachemsha?" "Soda tumeshaziweka kwenye barafu." Nikajiona nikishushwa na kichwa tu, kwa sababu ya maumivu ambayo hata hayaonekani. Kale kamashine kanapima oksijeni, uongo hakapimi. Nikameza vidonge viwili vya maumivu kwa siri, nikalala. Yaani nilijilaza tu, macho kodo.

Siku ya nne mnavuka uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo. Hakuna mti wala ndege, ni upepo na mawe tu. Hapo ndipo nilipowaona vizuri wapagazi, ambao wenyewe wanajiita wagumu. Sheria inasema mzigo usizidi kilo 20, na jamaa anakuwa nao kichwani au shingoni, anakupita anakusalimia, "Pole, kaka." Wewe umebeba chupa ya maji na unahema kama jogoo aliyekimbizwa. Wanafika Kibo, zaidi kidogo ya mita 4,700, wanatua mizigo na kupika. Mgeni anapoondoka usiku kwenda kileleni, wengi wao wanabaki pale pale kumsubiri. Kazi yao inaishia Kibo.

Nikamuuliza mmoja, "Umeshafika Uhuru mara ngapi?" Akacheka. "Mimi? Sijafika. Silipwi kufika huko." Jibu hilo lilipita sikioni kama upepo. Nilikuja kulikumbuka siku mbili baadaye.

Kibo nilishindwa hata uji. Mzee akauliza tena. Nikajibu tena poa. Nikaongeza vidonge.

Saa sita usiku tukatoka. Wanaondoka usiku kwa sababu kokoto zinakuwa zimeshikwa na baridi, na ili mfike ukingoni jua linapochomoza. Kiza, baridi ya kukata masikio, mstari wa taa za kichwani unapanda mbele yako mpaka unadhani ni nyota. Kokoto zenyewe si mchezo: unapanda hatua mbili unateleza moja. Maji ya chupa yangu yaliganda mdomoni mwa chupa. Mzee alikuwa mbele, msaidizi wake nyuma, binamu katikati, na mwendo ulikuwa ule ule wa bibi harusi. Safari hii sikumpita mtu.

Pango la Hans Meyer tulikaa dakika chache. Huyu Hans Meyer ndiye Mjerumani aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Vitabu vinapenda kumtaja kwa ushindi huo. Visichopenda kukwambia ni kwamba mwaka 1887 alijaribu akakwama kwenye barafu akarudi, na mwaka 1888 hata mlimani hakufika, alikamatwa kwenye vurugu za vita vya Abushiri akajikomboa kwa fedha. Alipata mara ya tatu. Na watu wa Marangu hawaachi kumtaja mtu wao, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa ndiye aliyewaongoza. Mzee alisimulia haya huku ananiangalia sana usoni. Mimi nilikuwa nasikia sauti yake kama redio yenye betri mbovu.

Saa kumi na mbili kasoro tukafika Gilman's, mita 5,685, kwenye ukingo wa kreta. Mashariki kukawa kwekundu nyuma ya Mawenzi. Watu wanakumbatiana, wanalia. Mimi nikainama nyuma ya jiwe nikatapika vile vidonge vyote na siri yangu pamoja navyo.

Mzee akanijia taratibu. Hakunifokea. Akaniambia, "Tembea kutoka hapa mpaka kwa mwenzio, kisigino kiguse kidole." Nikatembea. Hatua ya tatu nikaenda upande kama daladala iliyopasuka tairi. Akanidaka.

"Leo siku gani?"

Nikamwambia Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

"Unaandika gazetini, si ndiyo? Safu yako inaitwaje?"

Msomaji wangu, sikukumbuka. Jina hilo hapo juu kabisa, ambalo nimelipigania kwa Mhariri mwaka mzima, lilitoka kichwani kama maji kwenye chujio. Nikabaki namtazama. Hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Mzee, nimekudanganya. Kichwa kinaniuma tangu Horombo."

Akanyamaza kidogo. "Ungeniambia Horombo, ningekulaza siku moja zaidi, labda leo ungefika. Sasa unashuka. Sasa hivi."

Zilikuwa zimebaki mita 210 tu za kupanda. Kwa miguu ni kama saa moja na nusu au mbili kuzunguka ukingo, lakini kwa macho kilele unakiona pale. Nikaanza kubembeleza. Nikataja soda, nikataja picha, nikataja nyinyi wasomaji. Mzee akaniambia, "Kijana, nikikupeleka pale juu, nani atakurudisha? Kileleni ni nusu ya safari."

Binamu alikuwa anatetemeka, zipu ya koti lake ilikuwa imekatika tangu Kibo na simu yake imezimwa na baridi. Nikamvulia koti langu jekundu, nikachukua lake lililokatika zipu, nikampa na simu. Nikamwambia, "Nenda, dada. Nipigie picha hicho kibao." Msaidizi akanishika kwapa, tukateremka zile kokoto kama watoto kwenye lundo la mchanga.

Ajabu ya ugonjwa huu, kila ukishuka unapona. Kibo nilikuwa hoi lakini jina la safu nikawa nimelikumbuka. Nikapumzishwa kidogo, tukaendelea. Mchana Horombo nilikula wali sahani mbili. Kichwa kimya. Na kwa sababu kichwa kimetulia, shetani naye akarudi kazini.

Binamu aliingia jioni, midomo imepasuka, macho yanang'aa. Kafika. Akanirudishia simu, akaenda kulala bila hata kula. Nikafungua picha. Nikaiona hiyo hapo juu: koti langu, kofia ya kuziba uso, miwani. Nikaivuta karibu, nikaiangalia. Hata mama yangu asingejua.

Intaneti ipo. Nikaituma kijiweni na maneno mawili: NIMEFIKA, MASELA. Nikaituma na kwa Mhariri. Kijiweni kukalipuka, pongezi kama harusi. Mhariri akaandika, "Safi sana, hii tunaiweka ukurasa wa mbele." Nikalala usingizi wa pono, naapa. Mtu anaweza kulala vizuri sana juu ya uongo usiku wa kwanza.

Kesho yake tukashuka mpaka getini, tukapata vyeti. Gilman's nayo ina cheti chake, kwa hiyo si kwamba nilitoka mikono mitupu. Tukaenda nyumbani kwa mjomba. Watu wamejaa, mbege ipo, ndizi za nyama zipo. Mjomba akaomba aone picha. Binamu akasema, "Zipo kwenye simu ya kaka."

Nikampa simu. Mzee wa watu akavaa miwani yake, akaishika ile simu kwa mikono miwili kama anapokea kitu cha kanisani. Akaangalia muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Miaka yote ile nilikuwa naishia Kibo. Nawaona wanaondoka na taa zao, nabaki nachemsha maji. Kumbe pako hivi." Akamgeukia mkewe. "Mama, kuna mtu wa nyumba hii amefika."

Msomaji wangu, ndizi zilinikwama kooni. Lile jibu la yule mgumu pale Kibo, silipwi kufika huko, ndipo liliponirudia. Simu ile ile iliyokuwa mikononi mwa mjomba ndiyo iliyokuwa inapokea pongezi zangu za wizi. Ilikuwa inatetemeka mkononi mwake kila dakika. Akaniuliza, "Nani hawa wanaokutumia ujumbe?" Nikamwambia, "Marafiki tu, mjomba."

Usiku huo sikulala, na safari hii sikuwa kwenye mita 3,720. Asubuhi nikampigia Mhariri nikamwambia asitoe ile picha, au akiitoa aweke jina la mwenyewe. Alinipa maneno ambayo hayawezi kuchapwa, akaniondoa toleo zima. Ndiyo maana wiki iliyopita hamkuniona. Binamu nilimwambia ukweli wote nje ya nyumba. Aliniangalia, akasema, "Kaka, ungeomba ningekupa hata na koti langu bovu upige nalo." Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akakubali picha itoke, jina lake akalikataa. Anasema wateja wake wa stendi watataka chapati za bure kwa sifa.

Kijiweni nilinunua soda. Kreti mbili kwa dau, na moja ya faini ya uongo. Jina jipya ninalo, naitikia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinipigia hodi tu pale Gilman's, kikaondoka. Nikifikiria, uongo wangu wa Horombo ya kwanza na wa Horombo ya pili ulikuwa mmoja: wote ulitokana na kuogopa kuchekwa na watu wanaokunywa soda kwenye benchi kilomita mia tano na ushee kutoka pale. Nusura wa kwanza uniue. Wa pili ungemwibia mjomba kitu alichokisubiri maisha yake yote.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kupanda, na najua mpo, hasa mnaopenda kwenda Desemba kukumbuka lile bendera na mwenge aliopeleka Luteni Alexander Nyirenda kileleni usiku wa Uhuru mwaka 1961: nendeni. Ni pazuri kuliko nilivyoweza kueleza. Tembea kama bibi harusi, kunywa maji, lipa ile siku ya ziada ya kuzoea hewa hata kama mfuko unalia. Na kiongozi akikuuliza kichwa vipi, mwambie kichwa vipi.

Mimi nitarudi. Meyer alipata mara ya tatu, mimi najipa mara mbili. Mjomba naye kasema safari ijayo tukienda, atatusindikiza mpaka Mandara, na safari hii mizigo tutambebea sisi.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na picha ikitoka na uso wangu, basi jueni ni mimi kweli.